Tulivutwa na Kalamu

Misheni ilipoanzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wazee wetu wengi walivutwa na kalamu, maana aliyejua kusoma alipata kazi. Mwaka 1925 hospitali ikafunguliwa, na sababu ya kwenda misheni ikaongezeka. Hatuwacheki. Hata sisi tulianza hivyo.

Lakini mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza habari za Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, na imani hiyo ikavuka ghuba mpaka upande wetu wa kusini na Ugusii. Mumbo naye aliahidi faida: chakula na ng'ombe pasipo kulima. Ikiwa faida ndiyo ushahidi, wazee wangemkataaje kabla ya njaa kuingia nyumbani?

Shetani alidai kwamba Ayubu alimcha Mungu kwa sababu ya mali. Mali ikaondolewa, ndipo jibu likaonekana.

Huko Migori tulimzika mtoto aliyekufa kwa malaria. Dawa alipewa, maombi yalifanywa. Juma lililofuata mama yake aliingia kanisani, akaketi mahali pake pa siku zote. Hatukuthubutu kumwuliza amefuata faida gani.