Dalili za Mwanzo za Sonona Baada ya Kujifungua

Mwanamke aliyejifungua akilia siku ya tatu au ya tano bila sababu ya wazi, mara nyingi hutulia wiki mbili hazijaisha. Huzuni ikivuka hapo, ishukiwe kuwa sonona, ugonjwa unaoweza kujitokeza wakati wowote katika mwaka wa kwanza wa mtoto au kuanza tangu ujauzito.

Usingizi hueleza mengi. Kila mzazi huamshwa na mtoto. Mwenye sonona hukesha hata mtoto akiwa amelala. Hujilaumu, hukasirika upesi, huogopa kuachiwa mtoto, au humnyonyesha bila kumtazama. Wengi hulalamikia kichwa, uchovu na moyo kwenda mbio. Damu ipimwe, kwani upungufu wake nao huchosha, lakini majibu mazuri yasifunge mazungumzo.

Kwa desturi ya Wachagga, mzazi hupumzishwa ndani kwa wiki nyingi, akipikiwa mtori na kuhudumiwa na mama mkwe. Ni kinga nzuri, ila hufunika dalili: aliyejifungia chumbani kwa huzuni hufanana na aliyepumzishwa. Bakuli la mtori likirudi jikoni halijaguswa siku baada ya siku, lisichukuliwe kuwa ni kudeka.

Mjini Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia wanawake zaidi ya 1,000 waliohudhuria kliniki katika vituo vya afya vya Majengo na Pasua. Takriban asilimia 12 walikuwa na dalili, na waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa kama mara tatu zaidi. Kipimo kilikuwa dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lenye maswali 10. Swali la mwisho huhusu kujidhuru. Aliyewaza hivyo hata mara chache asisubiri jumla ya alama.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 humleta mama kliniki. Mtoto hupimwa uzito. Mama naye aulizwe hali yake, tena mama mkwe akiwa nje, maana mbele yake jibu huwa "namshukuru Mungu". Kwa wakazi wa Moshi, rufaa huenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC.

Anayesikia sauti, asiyelala kabisa au anayeamini mtoto amebadilishwa ana dharura nyingine, kichaa cha uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.