Majina ya Wageni, Vitenzi Vyetu: Kabureta na Lugha ya Mafundi wa Gerezani

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya msamiati wa mafundi wa pikipiki wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa kufuata kazi moja tu: kufungua na kuosha kabureta ya pikipiki kuukuu. Kazi hii ni ndogo, nasi tumeichagua kwa makusudi. Mara nyingi mchunguzi wa istilahi huanza na orodha ya majina, kisha hujiuliza kila jina litaitwaje kwa Kiswahili. Sisi tutaanza na mikono ya fundi, kwani tunaamini kwamba huko ndiko lugha ya ufundi ilikozaliwa.

Mahali penyewe pana historia ndani ya majina yake. Neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa; katika pwani yetu likaja kuwa ngome, na hatimaye jela. Jirani yake, Kariakoo, jina lake ni matamshi yetu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ambao waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Katika vita hiyo hiyo, jeshi la Uingereza lililopigana humu lilikuwa na kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Basi mtaa ulipata jina kwa wageni; lakini chombo chenyewe, kilichokuja na wageni vilevile, wananchi walikiita pikipiki, kwa kufuata mlio wa injini yake. Tayari hapo tunaona njia mbili za kupata neno: kuazima, na kusikiliza.

Tuitazame sasa kabureta. Mwaka 1893, Wilhelm Maybach huko Ujerumani, na Donát Bánki pamoja na János Csonka huko Hungaria, walitoa kila upande ubunifu wake wa kabureta ya kunyunyiza petroli. Kanuni yake haijabadilika sana. Petroli hushuka kutoka tangini hadi katika bakuli dogo. Humo mna boya ambalo hupanda pamoja na petroli. Likifika juu husukuma sindano ndogo inayoziba njia, na petroli ikipungua njia hufunguka tena. Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba, kasi yake huongezeka, shinikizo lake hupungua, na petroli hunyonywa kupitia tundu jembamba sana liitwalo jeti. Ili petroli iungue yote, kila kilo moja huhitaji karibu kilo 15 za hewa.

Msomaji atazame maneno tuliyoyatumia. Jeti na petroli ni ya Kiingereza. Boya ni neno la mabaharia na wavuvi wa pwani, nalo asili yake ni Ureno. Sindano, bakuli na koo yametoka nyumbani na mwilini mwetu. Fundi mmoja husema floti, mwingine boya, na wote wawili huelewana. Hali kadhalika kwa kifungio kimoja tuna parafujo, lililoletwa na Wareno, na skrubu, lililoletwa na Waingereza. Majina haya yamerundikana kama mchanga wa ufukweni: kila wimbi la historia limeacha tabaka lake.

Lakini tukifuata kazi yenyewe, hali hubadilika. Tuchukue kabureta ya Amal aina ya Monobloc, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1955 na kufungwa katika pikipiki nyingi za BSA na Triumph. Fundi hufunga koki ya petroli, huchomoa mpira, hulegeza kifuniko cha juu, na huvuta kizibo cha hewa pamoja na sindano yake ndefu. Kisha hufungua nati mbili, hubandua kabureta kutoka injini, hufungua ubavu wa bakuli, hutoa boya, na mwisho hufungua jeti. Kila kipande hukiosha kwa petroli safi, hukipuliza, hukifuta, na kukipanga juu ya kitambaa kwa utaratibu wa kukirudisha. Funga, chomoa, legeza, vuta, bandua, osha, puliza, futa, panga: katika vitenzi hivi vyote hamna hata kimoja kilichokuja ndani ya kasha la vipuri.

Tena vitenzi hivi vina usahihi ambao majina hayana. Lugha yetu huweza kugeuza tendo kwa kiambishi kimoja tu: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Fundi akimwambia mwanafunzi wake, “Kijana, zibua jeti,” amemwagiza aondoe uchafu na kuliacha tundu kama lilivyokuwa. Hakumwambia atoboe. Kijana akichukua waya mgumu na kulikwangua tundu, atakuwa ametoboa, na hasara yake ni kubwa. Namba iliyochongwa katika jeti ya Amal huonyesha kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika; tundu likipanuka kidogo tu, namba hiyo huwa ya uongo. Injini hunywa petroli kupita kiasi, plagi huwa nyeusi, na moshi hutoka. Tofauti kati ya zibua na toboa ni tofauti kati ya kabureta nzima na kabureta iliyoharibika.

Vivyo hivyo kwa neno kaza. Kabureta hii imetengenezwa kwa madini laini, na nati zake zikikazwa kupita kiasi ubapa wake hupinda, hewa ikapenya pembeni na injini ikakosa utulivu. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kujua kukaza, na kujua pia kiasi cha kukaza. Elimu hiyo yote imo katika vitenzi na vielezi vyake, wala haimo katika jina la nati.

Historia ya uchumi wetu iliipa lugha hii nguvu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vipuri vikawa adimu pia. Hata masharti ya kuagiza bidhaa yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, uhaba haukwisha kwa siku moja. Penye uhaba, kipuri kibovu hakitupwi. Huungwa, huchongwa, husuguliwa. Penye wingi fundi huhitaji jina tu, ili akanunue dukani. Penye uhaba huhitaji vitenzi.

Na vitenzi vya petroli huweza kutembea mbali. Neno chakachua lilienea nchini kwa habari za petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kufikia uchaguzi wa mwaka 2010, wananchi walikuwa wakilitumia kwa kura. Hakuna kamati iliyolituma huko.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu 1974 limetoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyowasaidia walimu, watafsiri na maofisa. Hatuidharau kazi hiyo hata kidogo. Tunalosema ni kwamba orodha ya istilahi, kwa desturi yake, hupenda majina, na majina ndiyo sehemu ya lugha ya ufundi ambayo hujitafutia njia yenyewe. Awe anasema floti au boya, fundi hatapotea. Atakayepotea ni mwanafunzi aliyesoma majina yote ya kabureta bila kufundishwa tofauti ya kuzibua na kutoboa.

Jambo hili lina haraka yake. Pikipiki nyingi za bodaboda bado zina kabureta, lakini mifumo ya kielektroniki ya kupuliza petroli inazidi kuenea, nayo hupimwa kwa mashine. Jeti na boya zitakapoondoka, majina yake yatabaki katika kamusi. Lakini maana hasa ya zibua katika mkono wa fundi haitabaki popote, isipokuwa iwe imeandikwa pamoja na kazi yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila istilahi ya ufundi itakayosanifiwa iambatane na vitenzi vyake, na kwamba mwandishi wa istilahi, kabla ya kushika kalamu, aende kuketi karakanani na kutazama kabureta moja ikifunguliwa, ikioshwa na kufungwa tena, hata pikipiki iwake.