Wadudu waharibifu katika vitalu nyumba: namna ya kuwatambua na kuwadhibiti

Mmea unaokuzwa chini ya paa la plastiki au la kioo hukingwa na mvua kubwa, upepo na baridi. Kinga hiyo hiyo huwafaa pia wadudu wanaoushambulia. Ndani ya kitalu nyumba hakuna mvua ya kuwaosha majanini, maadui wa kuwala ni wachache, na chakula kipo mwaka mzima. Ndiyo maana wadudu wachache walioingia kupitia mlango ulioachwa wazi, au waliokuja na miche iliyonunuliwa kwingine, huweza kuenea kitalu kizima katika wiki chache.

Tatizo hili linawakabili wakulima wa waridi wa Naivasha nchini Kenya na wale wa nyanya na pilipili hoho nchini Tanzania, sawa na wakulima wa matango wa Uholanzi. Linawakabili hata wakulima wa bangi nchini Canada, ambako zao hilo, lililo marufuku nchini Kenya na Tanzania, lilihalalishwa Oktoba mwaka 2018 na sehemu kubwa hukuzwa ndani ya majengo. Mazao yao ni tofauti, lakini maadui wao wakubwa ni karibu wale wale.

Utitiri mwekundu

Huyu ndiye adui anayeogopwa zaidi. Kwa hakika si mdudu kamili, kwani ana miguu minane na ni jamaa wa buibui. Urefu wake ni kama nusu milimita, na mara nyingi mkulima huona madhara yake kabla ya kumwona mwenyewe. Dalili ya kwanza ni vidoadoa vidogo vyeupe au vya manjano juu ya jani. Baadaye jani hugeuka rangi ya shaba na kukauka, na utando mwembamba huonekana kati ya majani na vikonyo.

Njia rahisi ya kumthibitisha ni kuweka karatasi nyeupe chini ya jani na kuligonga jani hilo. Vidoti vikianza kutembea juu ya karatasi, shaka imeondoka. Utitiri hupenda joto na ukavu. Katika nyuzi joto 30 za selisiasi, yai huweza kufikia utu uzima kwa muda wa siku nane hivi.

Inzi weupe, vidukari na vithiripi

Inzi weupe hukaa upande wa chini wa majani na huruka kama vumbi jeupe mmea unapotikiswa. Vidukari hujikusanya kwenye machipukizi, na majike yao huzaa watoto hai bila kuhitaji madume. Wote wawili hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu yanayonata, ambayo huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina mara nyingi ni ishara kwamba kuna vidukari juu.

Vithiripi ni wembamba, wenye urefu wa kama milimita moja, na hujificha ndani ya maua. Huacha michirizi yenye rangi ya fedha na vidoti vyeusi vya kinyesi. Kithiripi wa maua mwenye asili ya magharibi mwa Amerika ya Kaskazini alianza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa kupitia biashara ya mimea. Madhara ya vithiripi na inzi weupe hayaishii kwenye kufyonza, kwani wote hueneza magonjwa ya virusi, na mmea ukishaambukizwa virusi hauna dawa.

Kwa wakulima wa nyanya yupo pia kantangaze, nondo kutoka Amerika ya Kusini aliyeingia Hispania mwaka 2006 na kuripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake huchimba ndani ya majani na kutoboa matunda, na asipodhibitiwa huweza kuangamiza zao lote.

Kwa nini dawa peke yake hushindwa

Wakulima wengi hukimbilia kupulizia dawa mara wanapoona dalili. Hata hivyo, katika kila kundi la wadudu huwapo wachache wanaohimili sumu. Hao ndio wanaobaki na kuzaa, na dawa ile ile ikirudiwa, kizazi kinachofuata huwa sugu zaidi. Utitiri, kwa kuwa huzaliana upesi, umejulikana kujenga usugu dhidi ya viambato zaidi ya 90 vya viuatilifu.

Kuna hasara nyingine. Baadhi ya dawa huua kwanza maadui wa utitiri na kuuacha utitiri wenyewe ukiwa huru, hivyo idadi yake ikaongezeka baada ya kupulizia. Aidha, dawa inayoua wadudu si lazima iue utitiri. Mkulima aliyekosea kumtambua adui hupoteza fedha zake na kuharibu mambo zaidi.

Soko nalo lina masharti. Mboga zenye mabaki ya dawa kupita kiwango hukataliwa Ulaya, na nchini Canada bangi inayouzwa kihalali hupimwa mabaki hayo. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya uliimarisha masharti juu ya maua ya waridi kutoka Afrika kwa sababu ya aina ya nondo ambaye kiwavi wake hutoboa matumba. Shehena moja iliyokataliwa yaweza kugharimu ajira za watu wengi.

Wadudu marafiki

Njia ya kumtumia adui dhidi ya adui si ngeni. Mwaka 1926 mkulima wa nyanya nchini Uingereza aliona tunutu wa inzi weupe waliogeuka weusi. Mtafiti E. R. Speyer wa kituo cha Cheshunt aligundua kuwa ndani yao mlikuwa na nyigu wadogo mno, wasioweza kumuuma mtu, wanaotaga mayai ndani ya tunutu hao. Nyigu hao waligawiwa kwa wakulima hadi ujio wa dawa ya DDT, katika miaka ya 1940, ulipowafanya wasahaulike kwa muda.

Mwaka 1958 utitiri mwindaji, mwenye rangi ya chungwa na mbio kuliko windo lake, aligunduliwa Ujerumani katika shehena ya maua ya okidi kutoka Chile. Mmoja huweza kula utitiri watano wakubwa au mayai 20 kwa siku. Mkulima wa matango wa Uholanzi, Jan Koppert, alianza kumtumia mwaka 1967. Leo hii utitiri wa aina hiyo huzalishwa pia nchini Kenya kwa ajili ya mashamba ya maua. Anahitaji hewa yenye unyevu, na ni lazima aachiliwe mapema, kabla adui hajatanda.

Hatua za kufuata

Kinga huanzia mlangoni. Miche mipya itengwe na kukaguliwa kabla ya kuingizwa, madirisha yawekwe wavu wenye matundu madogo, na mlango uwe wa pande mbili. Magugu ndani na kandokando ya kitalu yang'olewe, kwa kuwa huwa maficho ya wadudu.

Ukaguzi ufanyike angalau mara moja kwa wiki, kwa kugeuza majani na kutumia kioo cha kukuzia. Kadi za manjano zenye gundi hunasa inzi weupe na vidukari wenye mabawa, na za buluu huwavutia vithiripi. Madume ya kantangaze hunaswa kwa mitego yenye harufu ya jike. Majani yaliyoshambuliwa yafungwe ndani ya mfuko kabla ya kutolewa nje.

Maji ya sabuni maalumu ya mimea au mafuta ya mwarobaini husaidia wadudu wakiwa bado wachache, mradi yafike upande wa chini wa majani. Ikilazimu kutumia dawa kali, iwe iliyosajiliwa kwa zao hilo, na aina za dawa zibadilishwe kwa zamu. Siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kati ya kupulizia na kuvuna ziheshimiwe.

Jambo la mwisho ni usalama wa mpuliziaji. Ndani ya kitalu nyumba hewa haitembei kama shambani, na mvuke wa dawa hubaki kwa muda mrefu. Glovu, barakoa inayofaa na nguo za kufunika mwili ni za lazima, na mtu asirudi ndani kabla ya muda ulioelekezwa kwisha na hewa kubadilishwa.