Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa miaka mingi chuoni niliwaeleza walimu wanafunzi maana ya methali hii kama inavyoelezwa vitabuni, kwamba kitu cha kuazima hakiwezi kushika nafasi ya kile cha asili. Mara chache mwanafunzi aliuliza kama jino la pembe liliwahi kuwapo kweli. Jibu ni kwamba liliwapo, na historia yake inatuhusu.

Katika karne ya 18 mafundi wa Ulaya na Marekani walichonga meno bandia kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko. George Washington alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Watu husimulia kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, lakini si kweli. Yalitengenezwa kwa pembe, madini na meno ya binadamu wengine. Daftari la hesabu za shamba lake linaonyesha kwamba mwaka 1784 Weusi walilipwa kwa meno tisa. Halisemi meno hayo yaliishia katika kinywa cha nani, lakini msomaji ajiulize: mtumwa asiyemiliki hata mwili wake aliuzaje jino kwa hiari?

Pembe nayo ilikuwa na ila zake. Ikikaa kinywani hubadilika rangi, huoza na kunuka. Wahenga wetu, watu wa pwani iliyosafirisha pembe kwa maelfu, hawakukosea.

Lakini kati ya jino zima na pengo ipo njia ya tatu, ambayo methali haikuitaja. Ni kulivika kofia jino lililovunjika. Wengine huiita taji. Mzizi wa jino hubaki mahali pake. Daktari hulichonga jino pande zote hadi libaki kisiki kidogo, huchukua umbo lake kwa kuling'atisha kitu laini kinachoganda, na fundi hutengeneza kofia inayolingana na umbo hilo. Mwishowe kofia hugandishwa kwa saruji maalumu.

Wazo la kutumia madini kinywani ni la kale. Waetruski wa Italia, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, walizungusha mikanda ya dhahabu ili kushikilia meno. Lakini aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma ni Mfaransa Pierre Fauchard, aliyechapisha kitabu chake kikubwa juu ya meno mwaka 1728. Alieleza jinsi ya kupachika jino la kuchonga juu ya mzizi uliobaki kwa kutumia msumari mdogo wa dhahabu au fedha. Aliangalia kwa hadubini, asimwone yule mdudu wa jino ambaye watu wa kwao walimwamini, kama sisi tulivyomwamini utotoni. Akaonya pia juu ya sukari. Ilichukua hadi mwaka 1890 kwa Mmarekani Willoughby Miller, akifanya kazi Berlin, kueleza kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza masalio ya chakula kuwa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayolila jino.

Kulichonga jino lenye uhai kulihitaji mambo mawili: kuondoa maumivu na kupata chombo. Mwaka 1846, huko Boston, daktari wa meno William Morton alionyesha hadharani jinsi mvuke wa etha unavyomlaza mgonjwa. Sindano ya lidokeini, inayotia ganzi kinywa tu, ilitokana na dawa iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943. Ama kekee ya meno, mwaka 1871 ilikuwa ikiendeshwa kwa mguu, mfano wa cherehani. Ile ya kasi kubwa, inayozungushwa kwa hewa na kutoa mlio tunaouchukia, ilianza kutumika mwaka 1957.

Hata hivyo maarifa hayaji bila makosa. Mwishoni mwa karne ya 19 kofia za dhahabu zilienea sana Marekani, na nyingi zilivishwa juu ya mizizi iliyooza. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter, akihutubia Montreal, alizishambulia vikali, akisema zinafunika usaha. Alikuwa na haki ya kulaumu uchafu ule. Lakini wafuasi wake walivuka mpaka, na kwa miaka mingi wagonjwa waling'olewa meno mengi, hata yaliyo mazima, kwa hofu ya sumu iliyofichika. Ni picha za eksirei, zilizogunduliwa mwaka 1895, zilizowawezesha madaktari hatimaye kuona mzizi kabla ya kuufunika. Aliyewahi kupaka chokaa ukuta wa darasa ulioliwa na mchwa analielewa jambo hili bila mhadhara.

Maendeleo mengine yalikwenda kwa kasi. Charles Land wa Detroit alibuni kofia ya kauri inayofanana na jino. Mwaka 1907 William Taggart alionyesha namna ya kumimina dhahabu katika umbo lililotokana na nta. Baadaye kauri ikaunganishwa na madini, ili uzuri upate nguvu. Tangu mwaka 1985 kompyuta nayo imeingia katika kazi hii.

Mimi mwenyewe gego langu lilipasuka kwa changarawe ndani ya wali. Wanangu walisema, "Baba, si uling'oe tu? Umri huu gharama zote hizo za nini?" Swali lao halikuwa la utovu wa adabu, kwani bei ya kofia ni mara nyingi ya bei ya kung'oa. Niliwajibu kwamba mzee naye anakula kila siku, na kwamba gego likitoka, majirani zake huinama kuelekea kwenye pengo. Daktari alisafisha mzizi kwanza, akachonga, akanivika kofia ya muda, na nilipopewa ya kudumu nilitafuna muhogo wa kuchoma.

Lakini jibu lile halikunitosha mimi mwenyewe. Mimi niliweza kuchagua. Wako wengi vijijini ambao koleo ndiyo tiba pekee iliyo karibu nao, na jino ambalo lingezibwa mapema hungojwa hadi lisilazike usiku. Tangu enzi za Washington hadi leo, jino la mtu mmoja huokolewa na la mwingine hung'olewa, na mara nyingi tofauti yao ni mfuko tu.

Kwa hiyo ningependa wahenga wawili wakae pamoja. Mmoja amesema jino la pembe si dawa ya pengo. Mwingine amesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kofia ya jino ndiyo ukuta wenyewe, mzuri na wa gharama. Mswaki wa asubuhi na usiku, dawa ya meno yenye floraidi, na tundu dogo lililozibwa mapema, ndivyo vinavyoziba ufa, na hivyo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuvifundisha kesho.