Habari za Kutikisa Nyumba

Katika shule ya bweni niliyosomea, ufagio ulikuwa mali ya wakosaji. Aliyechelewa kengele alifagia ua. Aliyesema uongo alikwangua masizi ya jikoni. Na wapiganao walipewa choo. Hata mwisho wa muhula, ilipowadia siku ya kusafisha mabweni yote, walihesabiwa kwanza wenye makosa, nao wakatiwa katika kazi, na sisi tusiokuwa na makosa tukakaa chini ya mwembe tukiwatazama na kuwacheka. Siwalaumu walimu wetu, maana wengi wao wamekwisha kulala, na mema waliyotufundisha ni mengi. Lakini desturi ile ilizaa tunda lake. Nilipooa nilikaa katika nyumba yangu miaka kumi na zaidi pasipo kushika ufagio, na mke wangu aliponiuliza sababu sikuwa na jawabu, ila niliona mkono wangu unakataa. Nimewauliza wenzangu wa zamani zile, na wengine wamekiri neno lilo hilo.

Kwa ajili hiyo nalianza kuchungua habari za mataifa mengine, nipate kujua kama watu wa kale nao waliona usafi mkubwa wa mwaka kuwa ni adhabu. Naliyoyaona yalinistaajabisha, nami nayaandika hapa kwa faida ya ndugu walimu.

Nianze na habari tuijuayo sote. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli waliagizwa kuondoa chachu nyumbani mwao kwa siku saba za mikate isiyotiwa chachu. Agizo ni fupi, lakini kazi yake si fupi. Chembe ya mkate yaweza kuingia katika ufa wa ukuta, chini ya mkeka, katika mfuko wa nguo ya mtoto. Mtu mwenye moyo wa hofu angeweza kutafuta mwaka mzima asiseme amemaliza. Basi twaona jinsi marabi walivyoifanya kazi hii iwe yenye mpaka. Mishna, ambayo ilikusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, ina sehemu iitwayo Pesahim, nayo yaanza kwa jambo hili hili. Chachu hutafutwa usiku wa kuamkia siku ya kumi na nne, kwa mwanga wa taa. Tena mahali pasipoingizwa chachu hapana haja ya kupatafuta. Walipofika kwenye ghala ya divai, watu wa Shamai na watu wa Hileli walibishana ni safu zipi za mitungi zitafutwe. Lakini tazama, pande zote mbili zilisema ni safu mbili, wakapingana tu ni mbili zipi. Hapana aliyesema mitungi yote ishushwe.

Na neno linipendezalo kuliko yote ni la mnyama mdogo kama kicheche. Je, kama nimekwisha kutafuta chumba hiki, kisha kicheche akaburuta kipande cha mkate kutoka chumba kile akakileta hapa? Marabi wakasema, tusiogope hayo. Kwani ukiogopa chumba kwa chumba, utaogopa nyumba kwa nyumba, na mji kwa mji, na jambo halitakuwa na mwisho. Hawa walikuwa wakali wa sheria kupita watu wote, nao ndio waliojua kwamba kazi isiyo na mwisho haifanywi na mtu kwa moyo wa furaha.

Baadaye desturi nyingine zikaongezeka juu ya hizo. Mwenye nyumba huchukua mshumaa, na unyoya wa kufagilia chembe, na mwiko wa mti wa kuzipokelea. Na kwa kuwa nyumba imekwisha kusafishwa mbele, katika nyumba nyingi hufichwa vipande kumi vya mkate, ili mtafutaji apate cha kuona, na watoto hufuatana naye gizani kwa shangwe. Asubuhi yake vipande vile huchomwa moto. Kisha mwenye nyumba hutamka kwamba chachu yo yote iliyosalia asiyoiona ihesabiwe kuwa si kitu, kama mavumbi ya nchi. Ndivyo apatavyo kupumzika.

Sasa tuvuke twende Uajemi, kwa maana habari ya huko yafika mpaka pwani yetu. Waajemi huanza mwaka siku usiku na mchana vilinganapo, yapata tarehe 20 au 21 Machi, na siku hiyo huitwa Nauruzi, maana yake siku mpya. Majuma kabla yake nyumba zote huingia katika kazi waiitayo khane-tekani, yaani kutikisa nyumba. Jina ni zuri, nalo ni kweli: mazulia hutolewa nje yakapigwa na kuoshwa, mapazia hushushwa, makabati hutolewa vyombo vyote. Wakati huo huo huoteshwa ngano au dengu katika sahani, nazo huchipua siku kwa siku wakati kazi ikiendelea, hata mwaka mpya ukifika sahani ni kijani kibichi mezani. Mimi naziona kama saa ya kazi ile, maana watoto wakizitazama hujua siku zilizosalia. Tena kila mtu ajua kwamba sikukuu ikifika jamaa watatembeleana, wadogo wakianza kwa wakubwa wao, na hapana nyumba itakayokosa mgeni. Lakini nisifiche: mzigo mkubwa wa kazi hii umewaangukia wanawake, kama huku kwetu, na furaha ya wanaume mara nyingi huanza chai ikiwa tayari.

Neno hilo Nauruzi ndilo Nairuzi yetu, jina la pili la Siku ya Mwaka. Waajemi walitengeneza hesabu yao mwaka 1079, katika zamani za Sultani Malik Shah, wakaifunga kwa jua, na Omar Khayyam alikuwa mmoja wa wanajimu waliofanya kazi ile. Lakini mabaharia na wakulima wa pwani walishika mwaka wa siku 365 kamili, wakauhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, pasipo kuongeza siku kila mwaka wa nne. Kwa hiyo Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, yapata siku 25 katika miaka mia. Katika karne ya 19, zamani za Askofu Edward Steere kule Unguja, iliangukia mwezi wa Agosti. Siku hizi watu wa Makunduchi huifanya mwezi wa Julai.

Steere ameandika habari zake katika kitabu chake cha lugha. Watu walikwenda kuoga baharini usiku au alfajiri. Kikapikwa chakula kingi cha nafaka na kunde, akala kila atakaye. Na mioto yote ikazimwa, ikawashwa mipya kwa kupekecha vijiti. Ndugu aliyekulia penye mafiga ataelewa jambo hili lina maana gani kwa usafi wa nyumba. Jiko la zamani halikuzimwa. Jioni kaa lilifukiwa katika majivu, asubuhi likapulizwa, na aliyezimikiwa alikwenda na kigae kwa jirani kuomba moto. Jiko la namna hiyo halifagiliwi sawasawa, maana daima lina moto ndani. Siku moto uzimwapo, ndipo majivu yawezapo kutolewa hata ya chini kabisa, na mafiga kugeuzwa. Tena kwa kuwa mioto ya mji wote imezimwa pamoja, hapana wa kuazima wala wa kumcheka mwenziwe. Steere asema pia kwamba zamani siku hiyo haikuulizwa habari ya mauaji wala ugomvi, na watu walikuwa wakimaliza vinyongo vya kale kwa kupigana. Makunduchi hata leo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, ni mchezo, na kibanda cha makuti hutiwa moto, wanawake wakiimba. Tusisifu damu iliyomwagika zamani. Lakini watu wale waliona kwamba takataka za mwaka hazimo jikoni tu.

Kuna jambo moja gumu sijaligusa, nalo ni kutupa. Kufagia ni rahisi kuliko kutupa. Bibi yangu hakutupa kigae. Chungu kikivunjika, kipande kilichukulia moto, na kilipovunjika tena kilisuguliwa kikawa kifuniko, na uchaga wake ulijaa makorokoro ambayo kila moja lilikuwa na neno la kujitetea. Wajapani wameliona jambo hili kuliko wengine. Katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, siku ya 13 ya mwezi wa 12 ilikuwa ya susuharai, kupangusa masizi. Walifunga majani ya mianzi penye miti mirefu, wakafagia dari, bwana na watumishi siku moja. Na kazi ilipokwisha walimrusha mtu juu na kumdaka, pengine bwana mwenyewe, kwa vicheko. Nao wana hadithi ya kale kwamba chombo kikifikia miaka mia hupata roho, ndiyo sababu vikuukuu hutupwa katika usafi wa mwaka kabla havijafika huko. Lakini vile vilivyotupwa hukasirika kwa kutendwa vibaya baada ya utumishi mrefu, vikatafuta kisasi. Ni hadithi tu. Walakini kila aliyesimama penye jaa na kikapu kikuukuu cha mama yake mkononi aijua hasira ile ya kikapu.

Kwa habari ya Uingereza sina mengi. Usafi wao mkubwa ulikuwa mwisho wa baridi, kwa ajili ya moshi wa makaa ya mawe na taa, na Bibi Beeton aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1861. Katika nyumba za wakubwa ulifanywa na watumishi, na wenyewe wakakaa mbali, kama sisi chini ya mwembe. Mwaka 1901 Hubert Cecil Booth alibuni mashine ya kuvuta vumbi, kubwa hata ikapelekwa kwa gari la farasi, mipira yake ikaingizwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII.

Katika shule nifundishayo sasa, muhula uliopita niliomba ruhusa tujaribu namna nyingine. Mwalimu mmoja alipinga, akisema wavulana wasipoogopa ufagio hatutakuwa na adhabu iliyobaki, nami naliona neno lake lina uzito, maana tumezoea hivyo. Tukakubaliana kwa siku moja tu. Wote walifagia, wenye makosa na wasio na makosa, na walimu pia. Tuliweka mpaka: mahali pasipoliwa chakula pasikwanguliwe, na kengele ya saa sita ikilia, kazi imekwisha. Wadogo walificha magunzi kumi ya mahindi mabwenini, na wakubwa wakayatafuta. Kelele zilikuwa nyingi kuliko nilivyopenda. Kengele ilipolia yalikuwa yamepatikana tisa. Mvulana mmoja akaniuliza kwa huzuni kama warudi kutafuta la kumi, nami nikamweleza habari ya kicheche, tukaenda kula. Gunzi lile lilionekana juma la tatu la muhula uliofuata, ndani ya kiatu cha mvua cha yule mwalimu aliyepinga.