Miaka Tisa ya Kuzima Chipu Moja

Februari 2010, kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza teknolojia iliyoipa jina la Optimus. Ilikusudiwa kuondoa kero ya siku nyingi. Mtu aliyetaka kompyuta mpakato yenye nguvu za kuchezea gemu au kuchorea ramani za majengo alilazimika kununua yenye kadi kubwa ya picha, na kadi hiyo ilikula betri na kutoa joto hata pale mwenyewe alipokuwa anaandika barua tu. Watengenezaji walishajaribu kuweka chipu mbili ndani ya mashine moja: ndogo ya Intel kwa kazi nyepesi, kubwa kwa kazi nzito. Mwaka 2006 Sony ilikuwa ikiuza Vaio SZ zenye swichi ya kuchagulia chipu, lakini kila ukibadilisha ilibidi uizime mashine na kuiwasha upya.

Optimus iliiondoa swichi hiyo. Kioo kilibaki mikononi mwa chipu ya Intel. Ile ya NVIDIA iliamshwa panapo kazi nzito, ikachora picha, ikaikabidhi kwenye kumbukumbu ya mwenzake, kisha ikakatiwa umeme. Kuamua nani aamke na nani alale ilikuwa kazi ya draiva, yaani programu inayoiendesha chipu, na draiva hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows 7.

Kwa watumiaji wa Linux mambo yakawa kinyume. Mashine ilipowaka, chipu zote mbili ziliwaka. Draiva ya NVIDIA haikuweza kuonyesha kitu, maana kioo hakikuwa chake, na hapakuwa na wa kuiambia chipu ilale. Likawa jiko linalowaka usiku kucha bila chungu: betri inaisha, feni inavuma, na mapaja ya mwenye mashine yanaungua. Ndiyo maana juhudi za mwanzo hazikuhusu kuipata nguvu ya chipu ile, bali kuizima.

Wa kwanza kufungua njia alikuwa Dave Airlie, mhandisi wa kampuni ya Red Hat. Kazi yake, vga_switcheroo, iliingia katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, toleo 2.6.34, Mei 2010. Mtumiaji aliandika neno OFF ndani ya faili maalumu, na chipu isiyotumika ikazimwa. Lakini kwenye mashine nyingi za Optimus hilo halikutosha. Amri ya kukata umeme ilifichwa ndani ya ACPI, yaani maelekezo ambayo kila mtengenezaji huyapachika kwenye bodi yake, na jina la amri lilitofautiana kutoka mashine hadi mashine. Watu wa kujitolea wakaandika moduli iitwayo acpi_call, ikaja na orodha ya majina ya kubahatisha, kama \_SB.PCI0.P0P1.VGA._OFF. Mtu alichomoa chaja, akasoma kasi ya betri kuisha, akajaribu jina moja, akasoma tena. Kasi ikishuka, amepata. Jina lisilofaa liliweza kuigandisha mashine.

Mwaka 2011 Martin Juhl wa Denmark alitoa Bumblebee, programu iliyokusanya mbinu hizo mahali pamoja. Mwaka huohuo ikapata umaarufu isioutaka. Katika hati yake ya kusakinisha palikuwa na mstari huu:

rm -rf /usr /lib/nvidia-current/xorg/xorg

Nafasi moja baada ya /usr iligeuza amri ya kufuta folda ndogo kuwa amri ya kufuta sehemu kubwa ya mfumo. Kosa lilirekebishwa, mradi ukachukuliwa na kikundi cha watu kadhaa, na Peter Wu akaandika bbswitch, moduli ya kukata na kurudisha umeme wa chipu. Sasa mtumiaji aliandika optirun mbele ya jina la programu, chipu ikaamka. Programu ikifungwa, chipu ikazimwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Linux alipata nguvu na ubaridi kwa pamoja, na haikuwa kazi ya kampuni iliyouza chipu.

Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, msikilizaji alimuuliza Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuhusu masaibu ya Optimus. Torvalds akajibu kwamba NVIDIA ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, akaigeukia kamera na kuitukana.

Sambamba na hasira hiyo palikuwa na mgogoro wa leseni. Mwaka 2012 kerneli 3.3 ilipata DMA-BUF, njia ya chipu mbili kupeana picha, lakini iliruhusiwa kwa programu huria za leseni ya GPL pekee. Oktoba mwaka huo mhandisi wa NVIDIA aliomba sharti lilegezwe. Alan Cox, miongoni mwa wenye haki katika msimbo wa kerneli, akakataa. Mwaka 2013 draiva za NVIDIA za toleo la 319 zilikuja na njia nyingine: chipu ya NVIDIA ilichora kila kitu, muda wote. Picha zilionekana, joto likabaki. Mwishoni mwa mwaka huo kerneli 3.12 iliiwezesha draiva huria ya nouveau kuilaza chipu yenyewe, ila nouveau haikuweza kuitoa nguvu yote ya kadi mpya. Mtu akachagua ubaridi au kasi.

Agosti 2019 ndipo NVIDIA yenyewe, katika draiva za 435, ilipoleta njia ya kuiamsha chipu kwa programu moja tu, pamoja na majaribio ya kuilaza kabisa kwa kadi za kizazi cha Turing. Mei 2022 ikafungua msimbo wa moduli zake za kerneli.

Basi kwa miaka tisa joto lile halikutokana na udhaifu wa feni wala wa Linux. Lilitokana na ufunguo wa kuzimia kushikwa na asiyekuwa na haja ya kuutoa. Wewe mwenye mashine ya aina hii, kabla hujanunua feni ya kuwekea chini yake, soma faili /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status, ukiweka namba ya kadi yako. Ikijibu suspended, chipu imelala na joto linatoka kwingine. Ikijibu active ilhali huchezi wala huchori chochote, na hujachomeka kioo cha nje, anza na draiva.