Dawa ya kutunza dawa

Jamani, juzi nimefungua kopo la tangawizi kavu aliyonipa bibi yangu kule Same, nikakuta nusu yake imekuwa unga. Vijidudu vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele, vinatembea humo kama wenye nyumba. Rafiki yangu akaniambia, "Pulizia dawa." Nikabaki namwangalia. Kiswahili chetu kinaviita vyote dawa, kinachoponya na kinachoua. Sasa mimi nichemshe ipi, ninywe ipi?

Nikaanza kuchimba. Kumbe mdudu huyu ni mkongwe! Wataalamu wanamwita Lasioderma serricorne, na hupenda tumbaku, viungo na mitishamba mikavu. Amekutwa hata kwenye kaburi la Farao Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922 baada ya miaka zaidi ya 3,000. Farao alifungashiwa chakula cha safari, mdudu naye akapanda bila nauli.

Karne ya 20 ikaleta gesi za sumu. Maghala yalifukizwa kwa methili bromaidi, viungo na mitishamba kwa ethilini oksaidi. Wadudu walikufa, lakini ethilini oksaidi iliacha masalia yenye hatari ya saratani, na Ulaya ikaipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1991. Methili bromaidi nayo ilikuwa inaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ukaiwekea ukomo: mwaka 2005 kwa nchi tajiri na 2015 kwa nchi kama zetu, isipokuwa kwa matumizi machache kama karantini ya mizigo.

Sasa mdudu auawe na nini? Jibu lilikuwa kumnyima hewa. Ujerumani, tangu miaka ya 1980, mitishamba hufungiwa ndani ya matangi ya chuma na kujazwa kaboni dayoksaidi kwa shinikizo kubwa. Baada ya saa chache mdudu na mayai yake kwisha, na gesi ikitoka haiachi sumu yoyote nyuma. Miaka hiyo hiyo huko Kameruni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walihangaika na wadudu wa kunde. Wakapata mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ambao leo wakulima wetu wanawekea mahindi. Hauna gesi wala umeme. Wadudu wenyewe wanavuta oksijeni iliyomo mpaka inapungua, wanaacha kula, wanakauka. Sharti ni moja tu: kiingie kikiwa kikavu kabisa, la sivyo kitaota ukungu.

Nikampigia bibi kumpa habari hizi zote za kisomi. Shikamoo, marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka.

"Mume wangu, si nilikwambia kopo lile usilifungue-fungue?"

Ile iliyobunguliwa nimeitupa. Iliyobaki nimeianika tena juani, nikaifunga vizuri, nikaiweka kwenye friza siku kadhaa. Jana nimekunywa chai yake. Haikuwa na kitu kingine ndani zaidi ya tangawizi.